Beseni la Kuazima

Majina ya wale kumi na wawili niliyaandika mimi,
katekista wa kigango, kwa kalamu nyekundu:
mwenyekiti wa kamati, mhazini, mwalimu mkuu,
mwenye duka la saruji, na wengine wa kimo hicho.
La mwisho lilikuwa langu.

Ilikuwa masika. Kasulu nzima udongo mwekundu,
ule unaong'ang'ania kisigino kama deni.
Lakini sisi tulifika na miguu ya harusi:
tumeisugua kwa jiwe tangu alfajiri,
tumeipaka mafuta, tumeivika soksi mpya,
tumeruka madimbwi kama mbuzi
ili Padri asikute cha kuosha.

Beseni la kanisa lilipasuka siku ya kipaimara.
Nikamtuma mtoto kwa Pelagia Bandiho,
yule wa nyuma ya mashine ya kusaga:
kaazime lake, lile la maua.
Akalitoa bila kuuliza.
Alisema tu, lirudi kabla ya giza.

Ibada ikaenda vizuri.
Maji ya uvuguvugu, taulo jeupe;
Padri akapiga magoti, mgongo ukimlia,
akaosha miguu iliyokwisha kuoshwa.
Maji yakabaki safi, ungeweza kuyapikia uji.
Nami nilipofikiwa nikainamisha kichwa
kama nilivyojaribu mbele ya kioo.

Ndipo nikamwona mlangoni mwa sakristia,
kanga imemgandia kwa mvua,
tope limempanda hadi kwenye muundi.
Nikamnyooshea kidole: subiri.
Akasubiri. Nyimbo mbili,
tangazo la mchango wa mabati,
shukrani kwa waliochangia, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao.
Kisha akaninong'oneza:
"Katekista, nisamehe.
Mzee Gwimo amejichafua. Beseni lake ndilo hilo."

Ndilo hilo.
Nikaona ua jekundu likicheza chini ya maji,
na ukingoni, pale rangi ilipobanduka,
alama ya kidole kilichoshika hapo miaka mingi.

Gwimo tunamjua sote.
Ndiye aliyemburuta Pelagia baraza la kata
kwa matuta matatu ya mihogo, akashinda,
akacheka njia nzima kurudi.
Sasa upande wa kulia umekufa tangu Noeli;
wanawe wako Uvinza kwenye chumvi,
simu zao hazipatikani.

Niseme kweli: sikusukumwa na huruma.
Ilikuwa aibu, na aibu nayo ina miguu.
Nililibeba beseni kichwani, na joho langu,
gizani, nikiteleza, yeye mbele kimya.

Ndani, koroboi na harufu.
"Shika hapa, chini ya goti."
Nikaanza: "Dada yangu, hakika Bwana wetu..."
"Shika vizuri, anateleza."

Nikashika.
Alimwosha kama mtu anayeosha vyombo vyake mwenyewe,
haraka, bila huzuni, bila kuguna,
akimsimulia bei ya maharage, na mvua iliyobomoa choo cha shule.
Mzee akakusanya nusu ya mdomo iliyobaki:
"Mihogo... ni yangu."
"Ni yako," akasema. "Inua mkono."

Maji yale niliyamwaga mimi, shinani mwa mgomba.
Hayakuwa safi.
Nilisimama hapo muda, mvua ikinipiga,
nikitafuta sala, nisiione,
mpaka aliponiita nikalete kuni.

Soksi zangu nilizisahau kanisani, chini ya kiti cha mbele.
Mtu alizichukua. Zimfae.

Mwaka huu nimeandika tena orodha.
La kumi na mbili nikaliacha wazi,
nikaenda hadi nyuma ya mashine ya kusaga,
nikamwomba aje akae nasi, aoshwe.
Alikuwa anakamua shuka. Hakugeuka.
"Alhamisi sina nafasi, ndiyo siku ya kufua.
Ila beseni chukueni,
mradi lirudi kabla ya giza."